Volkano kwenye picha si lazima iwe hasira

Mdogo wangu, umeuliza kama volkano uliyoiona nyuma ya jahazi, kwenye picha ya mchoraji mmoja hapa Bagamoyo, maana yake ni hasira. Si lazima. Mchoraji Hokusai wa Japani aliuchora Fuji, mlima wa volkano wa kwao, umetulia tuli. Wachoraji wa Ulaya karne ya 18 waliipendea Vesuvius, volkano ya Italia, kitisho chake na uzuri wake kwa pamoja. Na huku kwetu, kule kaskazini, Wamasai wana Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu: hapo ni ibada, si ghadhabu. Tena lava yake hutoka nyeusi kama lami, ikishapoa na kupata unyevu inageuka nyeupe. Hebu kaitazame tena ile picha, pale kwenye miteremko: kapaka nyekundu, au nyeupe ya chokaa? Mimi ningeanzia hapo.