Mshipi Unaokatika Mapema

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninavua sangara kwa mshipi. Kila baada ya kazi huutundika ukutani, nje ya nyumba, lakini nailoni hukatika upesi na ndoana hushika kutu. Nifanyeje?
Mvuvi, Kalangala

JIBU: Ndugu Mvuvi, mshipi wako unaharibikia hapo hapo ukutani, kwa sababu miale ya jua huidhoofisha nailoni polepole, hata uzi ukapauka, ukawa mgumu na kukatikia kwenye fundo. Uanike kivulini mpaka ukauke, uuzungushe kwenye kigogo kipana, kisha uuhifadhi ndani, penye giza na hewa, mbali na betri za taa za kuvulia mukene (dagaa), kwani tindikali yake huila nailoni. (Panya nao wasisahaulike.) Kuhusu ndoana, maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi ya bahari, lakini unyevu pekee unatosha kuleta kutu, zifute, uzipake mafuta ya mashine kidogo na kuziweka kwenye kopo kavu. Kabla ya kuingia ziwani, pitisha mita za mwisho za mshipi kati ya vidole viwili, na ukihisi mkwaruzo, kata sehemu hiyo, hata kama kwa macho inaonekana nzima.