TY na namba kwenye mtutu wa bastola ya kale, maana yake nini?

SWALI: Habari fundi, mi niko Manchester, juzi nimenunua bastola ya kale mnadani, ya gumegume (ile ya kuwashwa na cheche za jiwe), juu ya mtutu imegongwa TY halafu namba. Muuzaji kasema imetengenezwa Tyrone, Ireland. Jina la fundi halipo popote. Ni kweli? Na hii kutu niitoe na nini?

JIBU: Salama ndugu yangu. Muuzaji kapatia nusu. TY ni Tyrone kweli, ila hiyo si alama ya kiwanda bwana, ni ya usajili. Mwaka 1843 serikali ya Robert Peel, waziri mkuu wa Uingereza, ilikuwa na presha, mwanasiasa wa Ireland Daniel O'Connell anajaza watu kwenye mikutano kudai Ireland irudishiwe bunge lake, basi London wakapitisha sheria ya silaha, raia mwenye bunduki Ireland achukue leseni na bunduki yenyewe igongwe herufi za kaunti au mji pamoja na namba. Iwe mpya iwe ya babu, inagongwa tu.

Kwa hiyo TY inakwambia mwenye nayo wakati huo aliisajili Tyrone, basi. Na yako ni ya gumegume, wakati kufikia 1843 watengenezaji walishahamia kwenye fataki (kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa), maana yake bastola ilikuwa kuukuu tayari siku inapigwa huo muhuri. Nani kaitengeneza na wapi, TY haijui.

Jibu liko chini ya mtutu, upande unaokaa ndani ya mti. Ila kabla hujagusa chochote hakikisha haina risasi, hizi za kushindilia zinakutwa na baruti ndani hadi leo, sitanii. Chukua kijiti, kiingize hadi kigote, weka alama pale mdomoni, kitoe ukilaze juu ya mtutu, kama ncha inaishia vidole viwili vitatu kabla ya kile kitundu cha kuwashia, humo ndani kuna kitu, iache hivyo hivyo umpelekee fundi. Ikiwa tupu, chomoa kabari inayoshika mtutu (nyingine zina pini), unyanyue taratibu.

Ukiona V na GP, kila moja na taji lake, mtutu ulipimwa London, yaani ulijaribiwa kwa baruti kuona kama hautapasuka. Ukiona fimbo mbili za kifalme zimepishana na taji juu, hiyo mara nyingi ni Birmingham, nyumba yao ya upimaji ilianza 1813. Sasa hapa ndo watu wanapotea: Ireland haikuwa na nyumba ya upimaji, hivyo bunduki ya Dublin kabisa inaweza kuwa na alama za Uingereza au isiwe na alama yoyote, na duka la Ireland nalo lilikuwa linaagiza mzigo Birmingham linaandika jina lake. Ndo maana unasoma vyote kwa pamoja, jina, alama za chini, na jinsi ilivyochongwa. Bastola isiyo na jina kabisa mi ningeanza kushuku Birmingham, na bei ya "made in Tyrone" nisingeilipa.

Usichanganye pia na namba za kiwanda. Rigby, watengenezaji bunduki wa Dublin, walikuwa na namba zao wenyewe, hizo hazina herufi za kaunti.

Jina la aliyeisajili usilitegemee sana, nyaraka nyingi za Ireland ziliungua Dublin 1922.

Kutu: mafuta mepesi na kitambaa, usiku mzima, kesho yake unafuta. Msasa hapana, steliwaya hapana, muhuri wenyewe ni mwembamba ukisugua umeondoka na thamani imeondoka nao. Ukishatoa mtutu zima taa ya juu, mulika tochi kwa ubavu, piga picha nitumie, hasa ile sehemu karibu na kitundu.