Kwa nini Rais wa Marekani hawezi kumtengua gavana: jibu kwa dada anayejiandaa na mtihani wa uraia

Dada, umeuliza mambo mawili: kwa nini gavana anampinga Rais hadharani na kesho yake bado yuko ofisini, na kama kukariri majibu kutawatosha wewe na mama yako kwenye mtihani wa uraia. Mimi nilishaufanya mtihani huo nikafaulu, na tangu hapo huwa nakaa na Watanzania na Wakongo wenzangu hapa Ohio wanapojiandaa. Naanza na gavana, maana ukimwelewa huyo, maswali mengi yanafunguka yenyewe.

Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea mkuu wa mkoa kuwa mteule wa Rais. Taarifa ikitoka Ikulu jioni kwamba uteuzi umetenguliwa, habari imeisha. Gavana wa Marekani hakuteuliwa na mtu. Amechaguliwa na wananchi wa jimbo lake, na jimbo hilo lina katiba yake, bunge lake na mahakama zake. Wakenya wana magavana wa kaunti tangu 2013 kwa hiyo watashika upesi, ila jimbo la Marekani lina mamlaka mapana kuliko kaunti: linatunga hata sheria zake za jinai, ndoa na mirathi.

Chanzo ni historia. Majimbo 13 yalikuwepo kabla ya serikali kuu. Baada ya kujitangazia uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka 1776 yaliungana kwa mkataba legelege ulioinyima serikali ya pamoja uwezo wa kutoza kodi, ikashindwa kulipa madeni ya vita. Wajumbe 55 wakakutana Philadelphia mwaka 1787 kutafuta dawa, na 39 wakatia saini Katiba mpya. Wengi wao waliogopa serikali dhaifu, lakini waliogopa pia kumpata mfalme mwingine. Kwa hiyo wakaorodhesha kazi za Kongresi, yaani bunge la nchi nzima, katika Ibara ya 1, Fungu la 8: kukusanya kodi, kutengeneza sarafu, kutangaza vita, kuweka kanuni moja ya uraia kwa nchi nzima, na nyingine kadhaa. Mwaka 1791 yakaongezwa marekebisho 10 ya kwanza, na lile la kumi linasema mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Hapo ndipo nawaomba watu wakae sana, kwa sababu maisha yetu ya kila siku yamo humo. Leseni ya udereva, cheti cha ndoa, talaka, shule ya mtoto: hayo ni ya jimbo. Uhamiaji na uraia ni vya serikali kuu, ndiyo maana afisa atakayekuhoji ni mwajiriwa wa serikali kuu hata kama ofisi yake ipo mtaa wa pili. Asiyejua mpaka huu anaweza kuumia. Bangi, kwa mfano. Majimbo mengi yameiruhusu na maduka yana mabango barabarani, lakini kwa sheria ya serikali kuu bado ni kosa, na afisa wa uraia anafuata sheria hiyo. Mtu ameinunua kihalali dukani, na bado ombi lake la uraia linaweza kukataliwa kwa hoja kwamba hana tabia njema. Nimeona vijana wetu wakishtuka kusikia hivyo.

Mfano wa pili ni kujiandikisha kupiga kura. Kwa sheria ya mwaka 1993, katika majimbo mengi ofisi ya leseni inapaswa kukupa nafasi hiyo papo hapo. Mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia) anayeitikia kwa kichwa tu kwa sababu hakuelewa Kiingereza cha karani anaweza kujikuta ametia saini kwamba ni raia, na kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini. Tafadhali mwambie mama asome kila karatasi kabla ya kusaini, na asipoelewa aombe mkalimani.

Mihimili mitatu wengi wanaijua: Kongresi inatunga sheria, Rais anatekeleza, Mahakama inatafsiri. Kinachotuchanganya ni kwamba hapa mawaziri si wabunge, Katiba inakataza mtu kushika nafasi zote mbili kwa pamoja, na Rais hana uwezo wa kuvunja Kongresi. Akiukataa muswada, theluthi mbili za kila chumba cha Kongresi, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi, zinaweza kuupitisha bila yeye.

Kesi ninayopenda kuwasimulia wanaojiandaa ni ya Rais Truman. Mwaka 1952, vita vya Korea vikiendelea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa karibu kugoma. Truman akamwamuru Waziri wake wa Biashara avitwae viwanda hivyo ili chuma kisikatike. Wenye viwanda wakaenda mahakamani, na Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba hakuwa na mamlaka hayo. Majaji wawili kati ya wale waliompinga alikuwa amewateua mwenyewe. Viwanda vikarudishwa. Jaji wa mahakama hiyo anakaa kazini maisha yake yote akitenda vyema, kwa hiyo hamtegemei Rais kwa mkate wake.

Seneti ina wajumbe 100, wawili kila jimbo, kwa miaka sita. California yenye watu takriban milioni 39 inalingana na Wyoming isiyofika hata laki sita. Kwangu mimi hilo si haki, lakini majimbo madogo yasingekubali Katiba bila hiyo. Baraza la Wawakilishi lenye watu 435, kwa miaka miwili, ndilo linalofuata idadi ya watu.

Na usikwepe sehemu inayouma. Katiba ya 1787 ilihesabu watumwa kwa tatu ya tano tu katika kugawa viti, huku wenyewe hawana kura. Utumwa ulifutwa kwa Marekebisho ya 13 mwaka 1865, ya 14 mwaka 1868 yakaleta uraia kwa kuzaliwa na ulinzi sawa wa sheria, ya 15 mwaka 1870 yakakataza kumnyima mtu kura kwa rangi yake. Hata hivyo weusi wengi wa Kusini walizuiwa kwa hila na vitisho hadi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965. Mlango tunaopita sisi leo uligombaniwa na watu hao, nami nataka kila Mwafrika anayeapa aijue habari yao.

Sasa mtihani. Aliyewasilisha fomu N-400, yaani ombi la uraia, kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anasoma maswali 128, anaulizwa hadi 20 na kufaulu ni 12. Aliyewasilisha kabla ya hapo ana maswali 100, anaulizwa hadi 10 na kufaulu ni 6. Angalia tarehe ya risiti yako kabla hujanunua kitabu. Mama yako, kama ametimiza miaka 55 na amekaa na grini kadi miaka 15, anasamehewa Kiingereza na anaweza kujibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Akiwa na 65 na grini kadi ya miaka 20, orodha yake ni maswali 20 tu, anaulizwa 10 na anatakiwa kupata 6.