RAV4 ya 2002 ya otomatiki inapiga teke ikitoka gia ya 1 kwenda 2

Ndugu, usikubali fundi afungue giaboksi kwanza. Kwa RAV4 za 2001 hadi 2003 ugonjwa huo mara nyingi ni kompyuta ya injini: lehemu za ndani hupasuka, solenoidi (vali za umeme zinazobadili gia) zinapata amri mbovu, gia inaingia kwa kishindo. Piga skana. Ukiona misimbo ya hitilafu P0750, P0753, P0755 au P0758, pima solenoidi na nyaya zake. Zikiwa nzima, kompyuta itengenezwe au ibadilishwe. Usiendelee kuitembeza hivyo, mateke yatamaliza klachi za ndani.

Wakati huohuo angalia mafuta ya giaboksi: injini ya moto ikiunguruma, pitisha gia zote polepole, rudisha P (maegesho), vuta kijiti cha kupimia mafuta hayo, futa, pima tena. Gari lisimame tambarare kabisa (Kadutu, kwenye vilima vya Bukavu, utatafuta kweli), maana mteremko unadanganya kijiti. Mekundu ni sawa. Meusi yenye harufu ya kuungua, klachi zimeshaanza kwenda.

Kubadilisha mafuta, mwaga kwa nati ya chini tu, zitatoka kama lita 3 na nusu, urudishe kiasi kilekile cha T-IV, mafuta ya giaboksi ya Toyota. Mengine yanabaki ndani ya konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi), kwa hiyo rudia baada ya wiki chache. Kusukuma mafuta yote yatoke kwa mashine kwenye gari lenye kilomita 280,000, hapana. Sahani ya chini ya giaboksi ikifunguliwa, sumaku zake zikiwa na tope la kijivu si shida. Vipande vya chuma ndiyo shida. Tazama pia raba zinazoshikilia injini, zikichanika nazo hugonga hivyohivyo.