Kusomea tiba ya usemi na usikivu ukitokea Pemba

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Unasema umemaliza kidato cha sita Wete, umesoma Fizikia, Kemia na Biolojia, na unataka kutibu wenye shida ya kusema na kusikia. Muhimbili, Dar es Salaam, wana shahada inayounganisha yote mawili. Makerere, Uganda, wanafundisha tiba ya usemi na lugha tangu 2008. Huna haja ya kwenda Ulaya.

Kabla hujaomba, tafuta ruhusa ukakae siku moja chumba cha kupimia masikio. Mtoto anavishwa hedifoni. Akisikia mlio, anatia kete kikoponi. Mpimaji anapunguza sauti kidogo kidogo, mpaka kile kimkono kinasita hewani. Kazi yenyewe ni subira hiyo.

Na mtoto wa skuli anayesema "tutu" badala ya "kuku" hakemewi. Unapima masikio kwanza, ndipo unamfundisha kupandisha ulimi kwa nyuma.

Kipemba chako usikionee haya hata kidogo, maana vipimo vingi vya usemi vimetungwa kwa watoto wanaosema Kiingereza. Mtoto wa Micheweni akija kwako, utajua lipi ni lahaja ya kwao na lipi ni tatizo. Lugha ya alama anza kujifunza sasa hivi.