Tafuta wa kuchukua taka kabla hujanunua viroba

Juzi msomaji mmoja wa Mbezi kaniandikia: "Dada, nimewanunulia wapangaji wenzangu viroba viwili viwili, kimoja cha makopo, kimoja cha mabaki ya jikoni. Wiki ya kwanza walitenganisha vizuri. Ya pili wakarudi kulekule. Hivi watu hawa wana nini?"

Hawana kitu, mdogo wangu. Umewapa viroba, hujawapa mtu wa kuvichukua.

Mimi naishi Tabata, nyumba ya uani, familia nyingi na bomba moja. Nilipoanza habari zangu za taka nilisemwa sana. Kuna kiongozi mmoja, simtaji, aliniita "mama makopo" mbele ya kikao cha mtaa, watu wakacheka hadi wa nyuma wakasimama wanione vizuri. Leo mheshimiwa huyohuyo huleta wageni uani kwetu kuwaonyesha "mradi wa mtaa wetu". Sawa. Nimenyamaza, ila sijasahau.

Sasa nikuambie kilichofanya kazi. Ni kijana wa makopo, wale wanaopita alfajiri na kiroba mgongoni, ambao tunawatazama kama vibaka. Nilimsimamisha mmoja nikamuuliza anataka nini hasa. Alinifundisha kuliko semina yoyote. Chupa ya maji iwe tupu na ikanyagwe, maana kiroba kinajaa hewa kabla hakijawa na uzito. Kopo lenye masalia ya juisi linamtia matatani kwa mwenye mizani. Boksi likishaloa halina bei. Vifuniko ni plastiki ya aina nyingine, vinauzwa kivyake. Tukapatana awe anapita Jumamosi asubuhi.

Baada ya muda akawa mtu wetu. Anasalimia kina mama, anaulizia mtoto aliyekuwa anaumwa. Ukishamjua hivyo, kumpa kopo lenye mchuzi unaona haya. Na mwenzako akiona wewe umetoa safi, yeye atatoaje chafu?

Wengi mnaniuliza kuhusu pesa. Jamani, makopo ni mepesi! Familia moja haipati hela ya maana hapo. Sisi tulipojaribu kugawana tulipata ugomvi tu, mara fulani kapunjwa, mara fulani kaficha. Tulipoamua hela yote ibaki kwa kijana, kelele zikaisha na makopo yakaongezeka.

Kilichomgeuza bibi mmoja aliyekuwa mbishi kuliko wote ni harufu. Sehemu kubwa ya taka za majumbani hapa Dar inatoka jikoni: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, ukoko. Gari likichelewa, na jua letu hili, mnalala na funza. Nikampata mfugaji wa nguruwe, analeta ndoo yenye mfuniko, anaondoka na iliyojaa. Uani pakaacha kunuka, na bibi sasa ndiye askari wa ndoo. Ukitupia mfuko ndani utasikia.

Msiniambie Waswahili hatubadiliki. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tulibeba vikapu bila kuhubiriwa, kwa sababu dukani mifuko haikuwepo. Hatukuwa tumegeuka malaika. Lakini mtu akishatenganisha, kisha akaona viroba vyote viwili vinamwagwa kwenye gari moja kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, atatenganisha tena ya nini? Ndiyo maana nasema mchukuaji kwanza. Viroba baadaye.

Na sisi tupunguze unafiki. Mvua zikinyesha tunaposti picha za Jangwani ilivyofurika, tunalaani halmashauri, na chupa ya maji tumeirusha kupitia dirisha la daladala asubuhi hiyohiyo. Tunamwita mwokota makopo mchafu, kumbe uchafu anaobeba ni wetu. Mpe jina lake, mpe siku yake, mpe maji ya kunawa. Usingoje kikao kikuruhusu. Mimi ningengoja, ningekuwa bado nachekwa.

Pampasi ndizo zimenishinda. Kwetu zinafungwa peke yake na kusubiri gari. Kama kuna mtaa umepata mtu wa kuzichukua, niandikieni, nitamfuata hata akiwa Kigamboni.