Umehitimu usanifu wa ndani, kila ofisi inataka uzoefu

Mdogo wangu, nimekuelewa: una shahada na michoro mizuri ya kompyuta, lakini kila ofisi hapa Dar inakuuliza umeshafanya kazi gani.

Mimi ningeanzia Keko, kwa mafundi wa samani, kabla ya kusambaza barua. Kaa nao miezi miwili. Chuoni tulichora kwa milimita. Fundi anakutajia futi na inchi, na ubao wake ni futi 8 kwa 4. Kabati langu la kwanza la jikoni lilikataa kuingia kwa sababu nilipima ukuta kabla ya vigae. Fundi alicheka, mteja hakucheka.

Halafu tafuta chumba kimoja cha kweli, hata sebule ya shangazi, ukipige picha kabla na baada. Hicho kinazidi michoro 20.

Pesa: andikianeni mkataba, chukua malipo ya awali, na fedha ya vifaa usiichanganye na yako.

Mteja akitaka ukuta ubomolewe, mwite mhandisi kwanza. Na kabla ya kufungua ofisi yako, waulize AQRB, bodi inayosajili wabunifu na wakadiriaji majenzi, kuhusu usajili.